Halloween nyumbani na watoto: tunavyofanya sisi kwetu, hatua kwa hatua

Mwaka wetu wa kwanza hapa Des Moines, Iowa, tulizima taa zote. Hatukujua ni kitu gani, tuliona tu watoto wa jirani wamevaa vitu vya ajabu wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, mtu akagonga mlango, mume wangu akasema usifungue, tukakaa sebuleni gizani na wanangu wawili wamebandika pua kwenye kioo cha dirisha wanaangalia wenzao wanacheka nje. Yule mkubwa akaniuliza, mama kwani sisi tumefanya kosa gani? Hilo swali sijalisahau mpaka leo. Kesho yake shuleni kila mtoto alikuwa na stori isipokuwa wangu.

Sasa hivi ninao watatu na Halloween ndio usiku wanaouhesabia siku, na sio kwa sababu tunatumia hela nyingi, hapana. Nimejifunza kwamba mtoto anakumbuka kitu alichokifanya kwa mikono yake na anakumbuka ule woga mdogo alioupata huku ameshika nguo ya mama yake, hizo pipi na kostumu ya dukani anasahau wiki mbili tu. Kwa hiyo mwongozo huu ni kwa wazazi wenzangu mlioko huku Marekani au Kanada, hasa mliofika juzijuzi, mnaoona maduka yamejaa mafuvu na buibui wa plastiki tangu Agosti na hamjui muanzie wapi.

Kwanza niseme kuhusu imani maana najua wengi mnawaza hilo. Kuna familia za Kikristo na za Kiislamu ambazo hazitaki kabisa habari hii na mimi nawaheshimu, kila nyumba ina mwenyewe. Ila jueni asili yake ili muamue mkiwa mnajua. Jina limetokana na mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya tarehe 1 Novemba, ndio maana yenyewe inakuwa tarehe 31 Oktoba. Nyuma ya hapo kuna sikukuu ya zamani ya Waselti wa Ayalandi na Uskoti, inaitwa Samhain, mavuno yameisha na baridi inaanza, na watu waliamini usiku ule wafu wanakuwa karibu na walio hai. Waayalandi walikuwa wanachonga taa kwa tanipu, ile mizizi ya mviringo kama kiazi, wakahamia Marekani kwa wingi karne ya 19 wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga, ikawa ndio hivo. Sisi nyumbani kwetu tumeamua kubaki na mavuno, boga, hadithi na majirani, mambo ya mashetani na damu hatuyaingizi ndani. Makanisa mengi huku nayo yana njia yao, wanapanga magari kwenye pakingi, buti zinafunguliwa na kupambwa, watoto wanapita gari kwa gari wanapewa pipi, na hapo huhitaji kwenda kwa mtu usiyemjua. Amua na mwenzio mapema, usisubiri siku yenyewe mtoto analia mlangoni.

Hatua ya kwanza: kikao cha familia, wiki mbili kabla

Kaa chini na watoto, mpe kila mmoja kazi yake. Hii naona ndio siri kubwa kuliko zote. Kwetu mkubwa ana miaka kumi na moja, ni msimamizi wa mlango, yeye ndio anajua pipi ziko ngapi na nani anagawa. Wa kati ana miaka minane, kazi yake taa na giza, yani tochi, betri, mishumaa ya betri, kuchagua taa gani zizimwe. Mdogo ana miaka minne, yeye ni mkuu wa mbegu za boga, na usimcheke maana anaichukulia kazi hiyo kama mtu mzima. Mtoto mwenye kazi halalamiki kwamba amechoka, na haulizi kila dakika tutamnunulia nini.

Kwenye kikao hicho hicho waulize kila mmoja anaogopa nini. Waulize kweli kweli. Mimi mwaka mmoja nilitundika kinyago cha mzee mwenye meno mlangoni nikijua watafurahi, kumbe yule wa kati, kipindi hicho ana miaka mitatu, hakulala siku tatu, kila usiku analia anakuja kitandani kwetu. Niliumia sana. Tangu siku hiyo mtoto mdogo kuliko wote ndio anapima woga wa nyumba, akisema hiki hapana, ni hapana, hata kama wakubwa wananuna.

Na angalia saa za mji wako. Miji mingi inapanga muda wa watoto kupita, mara nyingi kama saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku, ila sio kila mahali ni tarehe 31. Hapa Des Moines kuna utaratibu ulioanza 1938 unaitwa Beggars' Night, usiku wa waombaji, na kwa miaka mingi ulikuwa tarehe 30 Oktoba, siku moja kabla. Angalia tangazo la mji kila mwaka maana siku inaweza kuhamishwa kwa ajili ya hali ya hewa.

Hatua ya pili: boga

Hapa nitakaa kidogo maana boga ndio moyo wa shughuli yote.

Nunua boga gumu, ukilibonyeza na kidole gumba lisibonyee, lenye kikonyo kibichi kibichi na sehemu ya chini bapa ili lisimame lenyewe. Usilibebe kwa kikonyo, kinakatika, alafu boga lenye jeraha linaoza haraka. Supamaketi ni rahisi zaidi, mashambani bei inapanda ila mnapanda trela la majani na watoto wanachagua wenyewe kutoka ardhini, kama mna uwezo nendeni hata mara moja, kwa mtoto aliyezaliwa huku ni vizuri aone chakula kinatoka kwenye udongo, bibi zake walilima maboga kule kijijini na yeye hajui.

Usichonge mapema. Boga likishachongwa lina siku tatu mpaka tano hivi kama hakuna joto kali, baada ya hapo linaanza kulegea na kuota ukungu. Sisi tunachonga siku mbili kabla.

Tandika magazeti mezani au fanyieni chini sakafuni. Toa mfuniko juu, ila kisu kiinamie ndani, ukate kwa mshazari, ukikata wima mfuniko utadumbukia ndani. Kata na kijipembe kidogo upande mmoja ili ujue mfuniko unarudije. Wengine wanakata tundu chini badala ya juu, na kama unatumia taa ya betri hiyo njia ni nzuri zaidi, unaweka taa chini unalifunika na boga, basi.

Kisu ni cha mtu mzima. Kwenye maduka wanauza vimisumeno vidogo vyenye meno kwa dola chache, ni salama kuliko kisu cha jikoni maana havitelezitelezi, na mtoto wa miaka kumi na kuendelea anaweza kukata nacho ukiwa umekaa pembeni yake. Wadogo wanachora, wanakwangua, wanatoa mbegu. Kwangua ndani na kijiko kikubwa cha aiskrimu, na ule upande utakaochongwa sura kwangua mpaka unene ubaki kama sentimita mbili na nusu, hapo msumeno unapita vizuri na mwanga unatoka wenyewe. Mwache mtoto achore sura anayoitaka na kalamu ya maka, usimrekebishie. Boga la mwanangu mdogo mwaka jana lilikuwa na jicho moja na midomo miwili, akasema ni mjomba anaimba, tukalichonga hivo hivo na lilikaa mbele kabisa.

Mkimaliza paka vaselini kwenye kingo zote zilizokatwa, inasaidia lisikauke na kukunjamana. Liweke sehemu ya baridi, ila usiku ukisikia barafu itashuka liingize ndani, boga likiganda likayeyuka linakuwa uji. Na kindi watakuja kulitafuna, hilo lisikushangaze.

Kama mtoto ni mdogo sana au huna moyo wa visu, boga zima lipake rangi, bandika stika, chora na maka. Linakaa wiki nyingi bila kuoza na hakuna wa kuumia.

Ndani weka mshumaa wa betri. Moto wa kweli na nguo za plastiki na majani makavu na watoto wanaokimbia, hapana jamani.

Mbegu sasa. Mkuu wa mbegu anazitenganisha na zile nyuzinyuzi ndani ya bakuli la maji, mbegu zinaelea. Zichemshe dakika kumi kwenye maji ya chumvi, chuja, kausha na taulo safi, changanya na mafuta kidogo na chumvi, tandaza kwenye trei, oveni nyuzi 350 za huku, yani kama 175 za Selsiasi, dakika kumi na tano mpaka ishirini huku unazigeuzageuza mpaka ziwe za dhahabu. Sisi tunatia na pilipili ya unga kwenye nusu ya baba yao. Nyumba yote inanukia, na mtoto wa miaka minne anapita na bakuli anakaribisha kila mtu mbegu zake.

Hatua ya tatu: nguo, na hapa usitupe hela

Kostumu ya dukani inaweza kuwa dola thelathini, arobaini, inavaliwa masaa mawili inachanika. Nenda kwenye maduka ya mtumba, huku yapo mengi, au tumia boksi. Boksi ni mali. Mwaka juzi wa kati alitaka kuwa gari la mashindano, baba yake akamuuliza kwa nini usiwe bajaji? Tukachukua boksi la diapa, tukakata chini na juu, tukapaka njano na nyeusi, sahani za karatasi zikawa matairi matatu, moja mbele mbili nyuma, mikanda ya begani ya utepe, na nyuma tukaandika maneno kama wanavyoandika kule nyumbani, MUNGU NI MWEMA. Kila nyumba aliyopita watu walitoka kuuliza hii ni nini, na yule mtoto alieleza bajaji ni nini na babu yake anapanda vipi kwenda sokoni Morogoro. Alirudi amejaa. Mwaka jana mdogo wake akataka daladala, tukaandika Mbagala Kariakoo.

Kanga nayo inafanya kazi, ikifungwa shingoni ni joho la shujaa, ila ifupishe isifike chini maana wanaikanyaga wanaanguka. Manyoya ya simba tunatengeneza na nyuzi za kahawia tunazifunga kwenye kofia ya sweta. Kitu kimoja tu sikubali, kumvisha mtoto kabila la watu kama kinyago, awe Mmasai au Mhindi Mwekundu, watu wenyewe wapo hai na wanaona.

Kumbuka baridi. Mwisho wa Oktoba huku mwaka mmoja kuna jua na mwaka mwingine theluji inadondoka, kwa hiyo kostumu ipime juu ya sweta na suruali nzito toka mwanzo, usije ukafika siku yenyewe bajaji haiingii juu ya koti na mtoto analia. Barakoa zinaziba macho, bora rangi za uso, ila jaribu kidogo kwenye mkono siku moja kabla uone kama ngozi inawasha. Na bandika utepe unaong'aa mgongoni na kwenye mfuko wa pipi, madereva hawaoni watoto waliovaa nguo nyeusi na usiku huo watoto wanagongwa na magari kuliko siku za kawaida. Hili nawaomba sana.

Hatua ya nne: kupamba nyumba

Hapa sitasema mengi. Karatasi nyeusi, mkasi, popo kumi na tano ukutani. Shuka jeupe la zamani kwenye kiti linatosha kuwa mzuka. Buibui wa uzi. Pamba ivutwe mpaka iwe nyembamba kabisa inakuwa utando wa buibui, ila nje usiitundike maana ndege wanakwama. Zima taa kubwa, acha taa ndogo, basi nyumba imeshabadilika, giza lenyewe ndio pambo na halina bei. Angalia tu njia ya mlangoni isiwe na waya wala kitu cha kukwaza watoto wa watu.

Hatua ya tano: washibe kwanza

Saa kumi na moja jioni sisi tunakula. Mtoto mwenye njaa akipewa pipi atakula pipi kumi na mbili alafu ataumwa tumbo, mtoto aliyeshiba anakula mbili tatu anasinzia. Kwetu ni maboga ya nazi, imekuwa mila. Lile boga la kuchonga sio tamu, lina maji mengi, na likishakaa nje siku mbili haliliwi kabisa, kwa hiyo nunua lile dogo linalouzwa kwa ajili ya pai, nyama yake ni nzito na tamu. Menya, kata vipande, chemsha na maji kidogo na chumvi mpaka yaanze kulainika, mimina tui zito, iliki iliyotwangwa, sukari kijiko kimoja au viwili, acha lichemke taratibu mpaka tui lishikane. Na pembeni maharage na wali. Watoto wa huku wanasema hawapendi boga, wangu wanagombania sufuria.

Kinywaji ni chai ya maziwa yenye tangawizi, au juisi ya tufaha ya moto na mdalasini, hiyo ndio ya msimu huku na inauzwa kila mahali. Natengeneza na kashata za karanga ila ni za humu ndani tu, mlangoni hazitoki, nitasema kwa nini.

Hatua ya sita: mlango

Taa ya barazani ikiwaka maana yake karibuni. Ikizimwa watoto wanapita bila kugonga. Ni hivo tu, hakuna mtu alituambia ule mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kama hutaki wageni zima taa ya nje, huhitaji kukaa gizani ndani na watoto wako kama sisi.

Gawa pipi zilizofungwa kiwandani tu. Vitu vya kupika nyumbani wazazi wa huku wanavitupa kwa sababu hawamjui mpishi, usione vibaya, ndio utaratibu. Na karanga zinaweza kumuua mtoto mwenye aleji, kweli kabisa, ndio maana kashata haitoki. Mkiona nyumba imeweka boga la rangi ya buluu ya kijani, ni ishara iliyoenea nchi nzima tangu 2014, maana yake hapo kuna vitu visivyo chakula kwa ajili ya watoto wenye aleji. Sisi nasi tunapaka boga moja dogo rangi hiyo, tunaweka bakuli la pili la penseli, stika, na vijiti vya kung'aa, na nikuambie ukweli vijiti vya kung'aa vinaisha kabla ya chokoleti.

Sasa sikia hii ambayo ndio naipenda kuliko zote. Huku Des Moines mtoto hapewi pipi bure, lazima aseme kichekesho kwanza. Ndio desturi ya mji, na St. Louis kule Missouri wanafanya hivo hivo. Watoto wanakariri vichekesho wiki nzima. Mwaka wa pili mkubwa wangu alikuja analia, Kiingereza chake hakijakaa, hawezi vichekesho vyao, na mimi nikakaa nikafikiria, nikamwambia sisi tuna vitendawili mwanangu. Tukakaa jikoni tukavigeuza. Huku ng'o, kule ng'o, jibu giza. Kila niendapo ananifuata, jibu kivuli. Popoo mbili zavuka mto, macho. Nyumba yangu haina mlango, yai. Mzungu katoka Ulaya mkono kiunoni, kikombe. Ile ya kivuli inakwenda vizuri sana kwa Kiingereza na usiku ule inafaa kabisa. Mzee mmoja jirani alisimama mlangoni akawaza dakika nzima ameshika bakuli, akashindwa, mtoto akamwambia jibu, akampa pipi za mikono miwili. Mpaka leo yule mzee kila mwaka anamsubiri.

Kwa hiyo wafundishe watoto vitendawili vitano kuanzia wiki moja kabla, kwa Kiswahili kwanza, kwa ile namna yetu, kitendawili! tega! Alafu mtafute Kiingereza chake pamoja. Na mtoto wa jirani akija mlangoni kwako mtegee wewe, akishindwa akupe mji kwanza, yani aseme nakupa mji wa Chicago, ndio umwambie jibu. Wanaipenda ajabu. Hata kama mji wenu hauna desturi hiyo hakuna anayekukataza kuianzisha barazani kwako.

Wakitoka nje mtu mzima mmoja aende nao, mmoja abaki mlangoni na yule msimamizi, wapokezane. Watembee pembeni pa barabara panapotembewa na miguu, wamalize upande mmoja ndio wavuke. Hawali kitu mpaka warudi.

Hatua ya saba: usiku wenyewe, mkishafunga mlango

Saa mbili usiku wengi wanaona shughuli imeisha wanawasha tivii. Kwetu ndio inaanza.

Tunaanza na kombolela ya gizani. Taa zote zimezimwa, anayetafuta ana tochi moja, wengine wanajificha, akikumulika akataja jina umepatikana, ukimkimbilia ukagusa kituo kabla hajakuona umekomboa wote. Ngazi tunazifunga na kiti, jikoni hakuna kuingia. Nusu saa wanapiga kelele mpaka jasho. Mdogo anacheza na mimi mkononi, anajificha kifuani kwangu na moyo wake unadunda nausikia, na baada ya raundi mbili anaomba kutafuta yeye.

Alafu boksi la kugusa. Kata tundu la mkono kwenye boksi, ndani weka bakuli, mtu anaingiza mkono bila kuona. Tambi zilizopikwa na kupoa ndio minyoo, zabibu kubwa zilizomenywa ndio macho, lile tumbo la boga na nyuzi zake lenyewe halihitaji maelezo. Wakubwa ndio waandaaji, wanawatisha wadogo kwa sauti, na ukishaisha mzunguko waonyeshe wadogo ni kitu gani, washike, wacheke, hapo woga unageuka kuwa wao ndio wenye siri. Zabibu nzima usimwachie mtoto chini ya miaka mitano aile, inamkaba koo, ikate kwa urefu. Hata pipi ngumu za mviringo usimpe.

Tunamaliza na hadithi. Tandika godoro sebuleni, mablanketi, bakuli la bisi, kashata, boga moja linawaka katikati. Paukwa! Pakawa! Usisome kwenye simu, simulia kwa mdomo, hata kama umesahau nusu. Mimi nasimulia ile ya zimwi na ngoma kama bibi yangu alivyonisimulia, wasichana wamekwenda pwani kuokota makombe, mmoja amesahau lake zuri juu ya mwamba, anarudi peke yake jua linazama, anamkuta zimwi amekaa pale. Zimwi anamtia ndani ya ngoma, anazunguka nayo vijijini, akipiga ngoma mtoto anaimba na watu wanampa zimwi chakula. Mpaka anafika kijiji cha wazazi wake mwenyewe, na mama anaitambua ile sauti. Wanamlewesha zimwi kwa pombe na chakula mpaka analala, wanamtoa mtoto, ndani ya ngoma wanatia nyuki na nyoka. Mnajua lilivyokwisha.

Ukifika pale mama anaitambua sauti nyamaza kidogo. Watoto wangu kila mwaka wanajua kitakachotokea na kila mwaka wananisogelea. Wa kwanza siku hizi anaimba yeye ile sauti ya ngoma, nilimfundisha wimbo wa bibi, na mwaka jana aliongeza ubeti wa kwake kwa Kiswahili, Kiswahili cha kuvunjikavunjika lakini chake. Kivuli tunakifanya kwa mikono, shuka imetundikwa, tochi nyuma, vidole vinakuwa masikio ya zimwi. Mwenye kuogopa ana haki ya kusema basi na tukawasha taa hapo hapo, hatumcheki.

Hatua ya nane: kesho yake

Pipi zote zinamwagwa mezani, mtu mzima anakagua, iliyofunguka au isiyo na karatasi ya kiwandani inakwenda kwenye taka. Wanabadilishana wenyewe kama sokoni, chokoleti moja kwa pipi tatu, wacha wabishane, ni hesabu hiyo. Kila mmoja anachagua ishirini anaweka kwenye mfuko wenye jina lake, nyingine zinakwenda kabatini juu, mbili kwa siku baada ya chakula. Kama mna mbwa chokoleti ikae mbali naye, ni sumu kwake.

Na mkubwa anapiga simu nyumbani. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa za huku zinarudishwa nyuma, kwa hiyo Des Moines inakuwa nyuma ya Tanzania kwa masaa tisa badala ya manane, piga asubuhi kwetu, kule ni jioni na babu ameshatoka sokoni. Anamwonyesha bajaji kwenye kamera, anamtegea vitendawili vyote alivyotumia, na babu kila mara anakuwa na kimoja kipya ambacho hatukijui, tunakiandika kwenye daftari la mwaka ujao.

Boga lililochongwa toa taa ya betri kwanza, liondoe kabla halijawa maji kwenye ngazi. Lisilopakwa rangi litupe nyuma ya nyumba wakale kindi, au lizike kwenye bustani. Sisi tulizika moja na mwezi wa sita likachipua.